Kusahau, hasira na uchovu kwa mtu mzima: mara nyingine shida iko ku shingo, haiko ku roho

Mu familia nyingi za mashariki mwa Congo kuna mtu mzima mwenye alibadilika bila watu kujua sababu. Zamani alikuwa anaamka mapema, anahesabu feza ya biashara bila kukosea, anacheka na wageni. Leo anasahau sufuria ku moto, anaanza kazi tatu bila kumaliza hata moja, analia juu ya kitu kidogo ao anafokea watoto. Majirani wako na majibu tayari: «Amekuwa muvivu.» «Bamemuloga.» «Ile ni roho yake, ataachaka lini?»

Mara nyingine majibu yote hayo yanakosa njia. Sababu inaweza kuwa tezi ndogo yenye iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, yenye haifanye tena kazi yake sawasawa. Ugonjwa huo unajulikana, kuna kipimo cha damu cha kuuonyesha, na dawa yake iko. Lakini mtu hawezi kutafuta dawa ya kitu chenye yeye na jamaa yake wanaita uvivu ao ulozi.

Homoni ni kitu gani?

Homoni ni ujumbe wenye mwili unajitumia wenyewe. Tezi inatengeneza kitu kidogo sana, inakitupa mu damu, na damu inakipeleka ku moyo, ku tumbo, ku mifupa, ku ubongo. Kufika kule, homoni inasema: ongeza mwendo, punguza mwendo, lala, amka, tengeneza maziwa. Kiasi chenye kinahitajika ni kidogo sana, lakini kikizidi ao kikipungua, mwili mzima unasikia.

Na ubongo ni sehemu ya mwili kama ini ao moyo. Kushika akili ku kazi moja, kukumbuka, kuvumilia, kufurahi, vyote vinafanyika mu ubongo. Ndiyo maana shida ya homoni inaweza kuonekana kwanza mu tabia, mbele ya kuonekana ku mwili.

Tezi ya shingo na kazi yake

Tezi hiyo inaitwa tiroidi. Iko na umbo kama la kipepeo mwenye amefungua mabawa. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3. Namba hizo zinaonyesha kuwa moja iko na chembe nne za iodi, na ingine iko na chembe tatu. Bila iodi, hakuna homoni.

Kazi ya homoni hizo ni kupanga mwendo wa mwili wote. Ni kama mtu mwenye anaangalia moto wa jiko: makaa ikipungua, chakula hakiive, makaa ikizidi, chakula kinaungua. Tiroidi ndiyo inaamua moto wa mwili.

Wakati moto unapungua

Tiroidi ikipunguza kazi, kila kitu kinaenda polepole. Mtu anasikia baridi wakati wengine wanasikia joto. Anachoka hata kama amelala usiku wote. Anapata kilo bila kula zaidi, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinaanguka, sauti inakuwa nzito. Kwa wanamke, damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi ao kubadilika, na kupata mimba kunaweza kuwa kugumu.

Akili nayo inaenda polepole. Mwalimu anasoma mustari mmoja mara tatu bila kuushika. Mama muuza ndagala anasahau nani alichukua deni. Shofa anapita njia yenye alipashwa kukata. Anayesemeshwa anachelewa kujibu, watu wanafikiri anawazarau. Huzuni inaingia, hamu ya kuongea na watu inapotea. Hapo ndipo wengi wanaanza kumuita muvivu, na kisha miezi fulani yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unakuja taratibu. Hakuna siku moja yenye mtu anaweza kusema: «Nilianza kuugua leo.» Inaweza kupita mwaka mzima ao zaidi mbele mtu afike ku hospitali.

Wakati moto unazidi

Kuna wengine wenye tiroidi yao inafanya kazi kupita kipimo. Kwao ni kinyume: moyo unapiga mbio hata wakati wamekaa, mikono inatetemeka, jasho inatoka, wanakonda hata kama wanakula vizuri, usingizi unakataa. Macho ya wamoja inatoka inje kidogo.

Mu tabia, mtu anakuwa na hasira ya haraka, wasiwasi bila sababu, na hawezi kutulia. Anaruka kutoka kazi moja hadi ingine, anakata wenzake maneno. Jamaa inaweza kufikiri anakunywa pombe kwa siri ao anatumia madawa ya kulevya. Wengine wanamupeleka mu chumba cha sala wakisema ako na pepo. Sala haikatazwe kwa mgonjwa yeyote, lakini moyo wenye unapiga vile siku nyingi unaweza kuchoka na kuharibika. Huyo mtu anapashwa kufika kwa muganga vilevile.

Kwa nini jambo hili linagusa Kivu?

Iodi inapatikana kwa wingi mu bahari na mu vyakula vya bahari. Mu milima ya mbali na bahari, mvua ya miaka na miaka imesafisha udongo, na iodi imepungua. Chakula chenye kinakomaa ku udongo huo kinapungukiwa nayo vilevile. Samaki wa ziwa iko na iodi kidogo kuliko samaki wa bahari, kwa hiyo kula sambaza kila siku hakutoshe.

Mahitaji si makubwa. Kulingana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodi kwa siku, na mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha anahitaji 250. Hesabu ya mtu mzima kwa miaka 70 haifike hata gramu 4, yaani haijaze kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho kinapashwa kuingia kidogo kidogo, siku kwa siku.

Iodi ikikosekana, tiroidi inajitahidi zaidi na inakuwa kubwa. Shingo inavimba. Uvimbe huo unaitwa goita, na wazee wa Kivu wanaujua tangu zamani. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana mu vitabu vya waganga wa dunia nzima juu ya goita. Kuanzia miaka ya 1960, watafiti walifanya uchunguzi pale, na waliona jambo la kushangaza: kaskazini mwa kisiwa goita ilikuwa nyingi sana, lakini kusini-magharibi ilikuwa chache, hata kama iodi ilikuwa ndogo pande zote mbili. Kulikuwa na kitu kingine. Walipotafuta mu chakula, walifika ku muhogo.

Muhogo na chumvi

Muhogo, sana sana ule muchungu, uko na sumu yenye mwili unajaribu kuigeuza ili isiuwe mtu. Kile chenye kinabakia kisha sumu kugeuzwa, kinaitwa tiosiyanati, kinazuia iodi kuingia mu tiroidi. Kama iodi ni nyingi mu mwili, hakuna shida kubwa. Kama iodi ni kidogo na muhogo haukutengenezwa vizuri, tezi inakosa pande zote mbili.

Hii haimaanishe watu waache bugali ya muhogo ao sombe. Inamaanisha kazi ya bamama wa zamani ilikuwa na akili ndani yake: kutoa maganda, kulowesha muhogo mu maji siku tatu hivi mpaka ulainike, kuuanika ku jua mpaka ukauke kabisa, na kutwanga sombe na kuipika vizuri. Wakati wa njaa, wakati wa kukimbia vita, ao wakati bei imepanda ku soko, watu wanafupisha siku hizo. Hapo ndipo sumu inabakia.

Ku upande wa iodi, njia rahisi ni chumvi yenye imetiwa iodi. Lakini iodi inapotea kama chumvi imekaa ku jua, ku unyevu ao karibu na moto. Mfuko wenye umefunguliwa ku soko na kubakia wazi siku nyingi unapoteza nguvu. Nyumbani, ni vizuri kuweka chumvi mu chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na kuitia ku chakula karibu na mwisho wa kupika. Wala haiombe kula chumvi nyingi: OMS inasema isipite gramu 5 kwa siku, juu chumvi nyingi inapandisha tension.

Kuna jambo lingine lenye Kivu ilifundisha dunia. Kisha chumvi yenye iodi kuenea, mu mwaka wa 1996 gazeti la waganga linaloitwa Lancet lilichapisha habari ya watu wa Kivu wenye tiroidi yao ilianza kufanya kazi kupita kipimo. Hatari hiyo inapata zaidi watu wenye walikaa na goita miaka mingi: tezi yenye ilizoea njaa ya iodi, ikipata nyingi kwa mara moja, inaweza kukosa kujizuia. Chumvi yenye iodi inabakia ya lazima kwa wote, sana sana kwa mtoto mwenye eko mu tumbo la mama, juu ukosefu mkubwa wa iodi wakati wa mimba unaharibu ubongo wake bila kurudi nyuma. Lakini mtu mwenye goita ya zamani, akianza kukonda, kutetemeka na kuwa na hasira mpya, anapashwa kupimwa.

Homoni zingine zenye zinagusa roho

Tiroidi haiko peke yake. Juu ya figo kuna tezi mbili zenye zinatengeneza adrenalini na kortizoli. Wakati mtu anasikia masasi, homoni hizo zinamusaidia kukimbia. Kwa kawaida hatari ikipita, zinashuka. Kwa mtu mwenye alikimbia mara tatu, mwenye analala mu kambi ao mu nyumba ya watu akisikiliza kila kelele ya usiku, mwili unabakia macho. Usingizi unavunjika, akili inakosa kushika masomo ao kazi, hasira inakuwa karibu. Si udhaifu wa roho. Lakini dawa ya tiroidi haiponye hiyo. Inaomba usalama, usingizi, watu wa kuongea nao, na mara nyingine muganga wa afya ya akili.

Kwa wanamke, homoni za uzazi zinapanda na kushuka. Siku za mbele ya damu ya mwezi, wamoja wanasikia huzuni ao hasira yenye inaisha damu ikifika. Kati ya miaka 45 na 55 hivi, wakati damu inaelekea kukoma, wengi wanalalamika juu ya joto la gafula, usingizi mubaya na kusahau.

Kisha kuzaa, homoni zinashuka gafula. Mu mwaka wa kwanza, wamama wamoja wanapata pia shida ya tiroidi: mara nyingi inaanza na moyo kupiga mbio na wasiwasi, kisha inageuka uchovu na huzuni. Watu wanasema: «Anachoka juu ya mutoto.» Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa tiroidi, inaweza kuwa huzuni kubwa ya kisha uzazi. Zote tatu zinaangaliwa na muganga. Mama akisema anataka kufa ao kuumiza mtoto, hapashwe kubakia peke yake hata saa moja. Apelekwe ku hospitali siku ileile.

Ni homoni, ao ni akili yenye ilikuwa vile tangu utoto?

Kuna watu wazima wenye akili yao inatawanyika lakini homoni zao ni nzima. Wamoja wako na shida yenye waganga wanaita kwa Kifaransa TDAH: kukosa kushika akili, kusahau vitu, kutenda bila kufikiri, kukosa kutulia. Wengi wanafikiri ni ugonjwa wa watoto wa shule tu. Hapana. Kwa wengi inaendelea mu utu uzima.

Swali lenye linasaidia kutofautisha ni moja: ilianza lini? TDAH inaanza mu utoto. Kanuni zenye waganga wanafuata zinaomba dalili ziwe zilionekana mbele ya miaka 12. Kama mama wa mgonjwa anasema: «Tangu akiwa mu shule ya musingi alikuwa anapoteza kalamu kila siku na hakai ku kiti,» ni njia moja. Kama jamaa inasema: «Alikuwa mutulivu mpaka mwaka jana,» ni njia ingine, na damu inapashwa kupimwa.

Njia hizo mbili zinakutana wakati mwingine. Mu mwaka wa 1993, watafiti wa Marekani walichunguza familia zenye ugonjwa wa kurithi wenye ni wa nadra, ambamo mwili haisikie vizuri homoni ya tiroidi. Nusu ya watu wazima wenye walikuwa nao walionekana na TDAH. Hii haimaanishe TDAH yote inatoka ku tiroidi. Wengi wenye TDAH wako na tiroidi nzima. Lakini muganga mzuri anauliza juu ya shingo, moyo na kilo mbele ya kuandika dawa, juu dawa za TDAH zinaongeza mwendo wa moyo, na kwa mtu mwenye tiroidi yenye imezidi ni hatari.

Kuna pia sababu zingine za kawaida: kupungukiwa damu, kukosa usingizi, kasiksi na kanyanga ya kila siku, VIH, maumivu ya siku nyingi, huzuni ya kufiwa. Na kuna tabia tu. Mwenye alizaliwa mpole ao mukali si mgonjwa. Alama ya ugonjwa ni mabadiliko: mtu hafanane tena na vile alivyokuwa.

Tena, homoni haigeuke kisingizio. Mwanaume mwenye anapiga bibi yake hawezi kusema «ni tiroidi». Ugonjwa unaeleza hasira. Haumupe mtu ruhusa ya kuumiza mwingine. Akijua eko mgonjwa, kutafuta matunzo ni kazi yake.

Kipimo na dawa

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa TSH. TSH ni homoni yenye inatoka chini ya ubongo kuamuru tiroidi ifanye kazi. Tiroidi ikilala, ubongo unapandisha sauti, TSH inapanda. Tiroidi ikizidi, ubongo unanyamaza, TSH inashuka. Kipimo hiki hakipatikane mu kila kituo cha afya. Mara nyingi inaomba kufika ku hospitali kubwa ya mji. Ndiyo maana ni vizuri kwanza kwenda kwa infirmie wa karibu na kumueleza dalili zote, za mwili na za roho, ili aandike barua ya kutumwa.

Tiroidi yenye imelala inatunzwa na levotiroksini, dawa yenye iko mu orodha ya OMS ya dawa za lazima. Inamezwa mara moja kwa siku, asubuhi, na maji, tumbo likiwa wazi, nusu saa ao saa moja mbele ya chai na chakula. Haiponye mu siku tatu. Inaomba majuma, na damu inapimwa tena kisha majuma 6 hadi 8 ili kupanga kiasi. Wengi wanaimeza maisha yote. Kosa kubwa ni kuiacha wakati mtu anasikia vizuri: anasikia vizuri juu ya dawa. Kosa lingine ni kuinunua ili kukonda. Kwa mwenye tiroidi nzima, inaweza kuvuruga moyo.

Tiroidi yenye imezidi iko na dawa zake za kuizuia, na zingine za kutuliza moyo. Mgonjwa mwenye anameza dawa za kuizuia akipata homa na koo kuuma, anapashwa kurudi ku hospitali haraka, juu dawa hizo kwa mara chache zinaweza kupunguza askari wa damu.

Kwa mwenye anaishi mbali ao mu eneo lenye barabara inafungwa mara kwa mara, inafaa kuomba muganga dawa ya miezi kadhaa, na kuandika ku karatasi jina la dawa na kiasi chake. Akikimbia, karatasi hiyo inakimbia naye.

Familia inaweza kusaidia namna gani?

Kwanza, kuacha majina. Mwenye anaitwa muvivu kila siku anaficha dalili zake. Pili, kuandika: alianza kubadilika mwezi gani, analala saa ngapi, kilo zimepanda ao zimeshuka, anasikia baridi ao joto. Tatu, kumusindikiza ku hospitali, juu mwenye kusahau anasahau hata kile alichotaka kumuambia muganga. Wakati wa kungoja dawa ifanye kazi, kazi moja kwa wakati mmoja, deni na tarehe ziandikwe mu kaye, na mambo ya moto yakingiwe na mtu mwingine.

Kipimo kinaweza kuonyesha tiroidi ni nzima. Hapo si kusema alikuwa anadanganya. Ni kusema mlango mmoja umefungwa, sasa waganga wagonge mwingine: usingizi, damu, huzuni, TDAH, vita yenye ingali inapiga kelele mu kichwa. Na shingo ikiwa imevimba ao moyo ukipiga mbio, wala asingoje mpaka ndoa ivunjike ao kazi ipotee. Infirmie wa kituo cha afya cha karibu ndiye wa kuonwa kwanza.